Mbuzi wa Kidawa

Ukipita nchi moja baada ya nyingine na hujala hata kofi moja, endelea na safari yako, Songombingo hujafika. Ukifika utajua. Mpakani kuna bango kubwa lililoandikwa KARIBU NCHI YA AMANI, na chini yake amesimama askari mwenye rungu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mgeni amelisoma. Wasiojua kusoma husomewa mgongoni.

Wasongombingo ni watu wakarimu, wacha Mungu, wepesi wa kuzikana. Wana desturi moja tu inayowashangaza wageni, nayo ni kwamba hawajui kuchagua kitu chochote ila kwa marungu. Mwenyekiti wa mtaa ni yule anayebaki amesimama wenzake wakiwa chini. Kiongozi wa kwaya hupatikana hivyo hivyo, ndiyo maana kwaya zao zina besi nyingi na meno machache. Hata nyumba ikishindwa kuamua kati ya wali na ugali, kaka na dada hutoka uani kila mmoja na mwiko wake. Wazee husema asiyekipigania kitu hakukitaka, na wengi wao husema hayo kwa upande mmoja wa mdomo, maana ule mwingine haufunguki.

Sasa mwaka mmoja wakaja wageni wa ng'ambo na mabango ya afya. Bango moja lilikuwa na picha ya mama mjamzito anayetabasamu, na maneno haya: CHAGUA DAKTARI WA MWANAO KABLA HAJAZALIWA. Wageni walimaanisha mama aende hospitali mapema, akae na madaktari wa watoto, awaulize maswali, amtazame atakayempendeza moyo. Hawakueleza hayo, kwa kuwa hawakujua kama kuna watu duniani wanaohitaji kuelezwa. Walibandika bango, wakanywa soda, wakapanda ndege.

Mlezi Mkuu, yaani rais, alisimama mbele ya bango lile asubuhi nzima akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kesho yake ikatoka sheria. Ilikuwa fupi, kwani sheria za Songombingo huandikwa na makarani waliovunjika vidole. Kila mtoto atachaguliwa daktari kabla ya kuzaliwa, uwanjani, kwa njia tuliyoizoea. Na daktari yeyote atakayemgusa binadamu ambaye hakumpata kwa ushindi, atakatwa mikono yote miwili. Wananchi wakashangilia, na waliochelewa kushangilia wakasaidiwa.

*

Kidawa alikuwa na mimba iliyofika ule mwezi ambao mama hulala ameketi. Mumewe, Shomvi, alikuwa fundi mwashi, mtu mpole asiyesema neno, kwa sababu alivunjwa taya katika uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Hakuwa mgombea wala mpiga kura. Alikuwa anapita na mkate.

Mimba hii ilikuwa ya pili. Mtoto wao wa kwanza, Hidaya, alipata daktari aliyekuwa fahari ya nchi: Daktari Mlanzi, ambaye watu wote walimwita Tindikali. Alikuwa na shingo pana kuliko kichwa, na alikuwa amejishindia nusu ya watoto wa mji ingawa hakumjua hata mmoja kwa sura. Hidaya alipougua, Tindikali alikuja, akaweka sikio juu ya tumbo la mtoto, akasikiliza kwa makini, akasema, "Kifua kizima."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mzee, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. "Mama," alisema yule mzee, "mwanao anavuta pumzi kwa mbavu. Ni kichomi. Nipeni nafasi kidogo tu." Askari wawili wakamshika mikono na kuikunja nyuma, si kwa ubaya, ila kwa kumhurumia asije akaipoteza. Hidaya alikata roho kabla ya adhana ya adhuhuri, huku ile mikono imeshikwa hatua chache kutoka kitandani. Tindikali alihudhuria mazishi na nishani yake kifuani. Kidawa alilia mpaka akakauka, na tangu siku ile hakuweza kuona rungu bila kutapika.

Yule mzee aliitwa Bi Salme. Alikuwa daktari wa watoto hasa, aliyesoma ng'ambo akarudi na vitu vyote isipokuwa misuli. Aliingia uwanjani mara moja tu, akatoka na mguu unaochechemea na bila mtoto hata mmoja. Lakini sheria haikutaja wanyama. Basi hospitali ikampa banda la nyuma, karibu na jalala, akawa anatibu mbuzi. Ndiyo sababu mbuzi wa Songombingo walikuwa wakinawiri na kuruka ukuta, wakati watoto wa Songombingo walikuwa wakizikwa kila Ijumaa.

Kidawa alimfuata huko bandani.

"Hodi, Bibi Daktari."

"Karibu, mwanangu. Pitia upande huu, huyo beberu ana kinyongo na mimi, nimemdunga sindano."

"Bibi, nimekuja kukuomba umchukue huyu." Akashika tumbo lake. "Uingie uwanjani."

Bi Salme akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mimi? Mimi na mifupa hii ya kuku? Wewe tafuta mtu mwenye shingo."

"Nimeshazika mtoto aliyekuwa na daktari mwenye shingo."

Bi Salme akachukua chombo chake cha kusikilizia kifua, akakibana kwapani kwa muda, kisha ndipo akakiweka kwenye ubavu wa mbuzi jike aliyekuwa amelala mbele yake.

"Mbona unakipasha moto kwanza?" Kidawa akauliza.

"Chuma baridi kinamshtua mtoto. Akishtuka, moyo wake hausemi kweli."

"Lakini huyo ni mbuzi, Bibi."

"Na yeye ana moyo."

Kidawa aliposikia hivyo alipiga magoti kwenye kinyesi cha mbuzi na tumbo lake lote, akalia. Bi Salme hakumgusa, maana Kidawa alikuwa binadamu. Aliweka mikono yake nyuma, akaishikilia mwenyewe kama walivyomzoeza askari, akainama kulitazama tumbo lile kwa muda mrefu, huku midomo yake ikichezacheza.

"Inuka, mwanangu," alisema mwishowe. "Nitaingia. Lakini ukiniona nimelala pale chini, usije ukadhani nimepumzika."

*

Siku ya kuchagua, uwanja ulijaa. Akina mama wajawazito walipewa viti vya mbele chini ya mwavuli, ili wapate kuona vizuri na kurukiwa na damu kidogo, jambo lililosemekana kuwa na baraka. Mheshimiwa Tambuu, Waziri wa Machaguo Yote, alipanda jukwaani.

"Songombingo oyee!"

"Oyee!"

"Ndugu wananchi, na ninyi ndugu wananchi mlioko matumboni! Leo ni siku ya haki za mtoto. Mataifa mengine humpa mtoto daktari bila hata kumvunjia mtu ubavu. Je, huo ni upendo?"

"Siyo!"

"Daktari asiyeweza kuulinda uso wake, ataulinda wa mwanao? Ninawaasa madaktari wapigane kwa kuzingatia maadili ya taaluma. Mwenye kung'ata, anawe kwanza!"

Kengele ikalia. Daktari wa usingizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala, alipopigwa la kisogo na daktari wa macho, ambaye alidaiwa hakumwona. Daktari wa meno alitema manne ya kwake. Madaktari wawili waliokuwa wamesoma darasa moja na kusimamiana harusi walikumbatiana katikati ya uwanja, kisha mmoja akamchimba mwenzake jicho kwa kidole gumba. Koti jeupe halikubaki hata moja. Kidawa alitapikia pindo la kanga yake, na mama mmoja kando yake alikuwa akila karanga na kusema, "Huyo mrefu nampenda, anapiga kama baba wa watoto."

Bi Salme aliingia akiburuta rungu asiloweza kulinyanyua. Tindikali hakuhitaji hata kumtafuta. Alimpiga la paja, mfupa ukaalika kama kuni kavu, uwanja mzima ukausikia. Bi Salme akaanguka. Akashika rungu lake, akajiinua nalo kama mkongojo. Tindikali akampiga la mbavu. Akaanguka, akajiinua tena, damu ikimtoka puani, miwani imebaki kioo kimoja, na kile kioo kilikuwa kikimtazama Kidawa. Hapo ndipo Shomvi, mtu mpole asiyesema neno, alipouruka ua wa kamba na kumkimbilia Tindikali mikono mitupu. Alivunjwa taya ya upande wa pili, ili uso usipendelee.

Mara ya tatu Bi Salme hakuinuka. Kidawa akakumbuka kwamba hajapumzika.

Aliyebaki mbele ya Tindikali alikuwa daktari wa ngozi, kijitu kidogo chenye nyundo. Kabla hajazimia alikuwa ameshamponda Tindikali vidole vyote, kimoja kimoja, kwa utaratibu wa kitaalamu. Tindikali akainua ngumi mbili zilizofanana na maembe yaliyokanyagwa. Watu wakamshangilia mshindi wa matumbo yote ya siku hiyo.

"Tumechagua kwa amani na utulivu," Mheshimiwa Tambuu alitangaza, akijifuta kitu shavuni. "Waliofariki ni wachache, na hakuna aliyekata rufaa."

Wimbo wa taifa ukaanza. Kidawa alihisi maji yakimtiririka miguuni. Alitaka kuketi, lakini wimbo wa taifa wa Songombingo una beti nyingi, na anayeketi hupigwa.

*

Alijifungua kabla ya jua kutua, hospitalini, katika wadi ambayo sakafu yake ilikuwa imejaa madaktari wanaogumia. Mkunga aliwaruka kama madimbwi. Wakunga walikuwa wamesalimika na sheria kwa sababu Mlezi Mkuu hakujua kazi yao ni nini.

Alikuwa mtoto wa kiume. Alitoka wa bluu, ametulia, macho yamefumbwa, wala hakulia.

"Daktari wake!" mkunga akapiga kelele. "Aletwe daktari wake!"

Tindikali akaletwa kwenye machela. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji nene hata asingeweza kushika embe. Mtoto akasogezwa usoni pake. Tindikali akamtazama kwa jicho lililobaki wazi.

"Mtoto mzima," alisema kupitia meno yaliyobaki. "Amenyamaza kwa adabu." Kisha akazimia.

Upande wa pili wa wadi Bi Salme alikuwa ameanza kutambaa kwa viwiko, mguu wake ukimfuata kama kitu cha mtu mwingine. Askari wawili wakamwahi, wakamkunja mikono nyuma. Kidawa aliiona. Aliona mikono ileile, imeshikwa vilevile, hatua chache kutoka kitandani, na mtoto wake akizidi kuwa wa bluu. Akanyakua beseni la vyombo, akalirusha ukutani, mikasi ikaruka huku na huku, wote wakageuka.

"Afande!" alipiga kelele. "Afande Chambuso! Huyu si mtoto. Nimezaa mbuzi!"

Sajini Chambuso ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu. Alikuwa mtu mwenye kuipenda sheria kuliko nafsi yake, na baada ya sheria alimpenda mbuzi wake mmoja, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Shangazi, ambaye Bi Salme alikuwa amemwokoa na uvimbe wa tumbo. Akasogea kitandani, akamtazama mtoto kutoka kila upande.

"Hana pembe," alisema.

"Shangazi wako alizaliwa na pembe?"

"Hapana." Akajikuna kidevu kwa ncha ya rungu. "Hana mkia."

"Ni aina ya ng'ambo!" Kidawa akalia. "Afande, mimi ndiye niliyezaa! Nani atajua zaidi? Sheria inasema mama asizae mbuzi?"

Sajini akafikiri. Ile fikra ilikuwa ndefu kuliko wimbo wa taifa, au ndivyo Kidawa alivyoona. "Sheria haisemi," alikiri. "Mwachieni daktari wa mbuzi."

Mikono ikaachiwa. Bi Salme alifuta kinywa cha mtoto kwa pindo la kanga, akamfyonza makamasi kwa mdomo wake mwenyewe na kuyatema sakafuni pamoja na damu yake, akampulizia pumzi kidogo kidogo, akamsugua mgongo. Akakibana chombo chake kwapani. Hata pale, na mbavu zilizovunjika, alikipasha moto. Akasikiliza. Akapuliza tena. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akatoa sauti moja nyembamba.

"Analia kama mbuzi kabisa," Sajini Chambuso akasema kwa furaha, na akapiga saluti.

*

Basi mtoto wa Kidawa akawa mbuzi. Alipotolewa nje ilibidi afungwe kamba shingoni, na Sajini alipita mara kwa mara kuikagua. Kidawa alisuka kamba ya kitambaa laini cha kanga yake kuukuu. Jina hakuweza kumpa, kwani anayempa mbuzi jina la mtu hupelekwa mahakamani; Shangazi si jina, ni cheo. Bi Salme alihamia kwao na magongo mawili, akalala chumba cha jikoni, na kila asubuhi alimsikiliza kifua. Mtoto alinenepa. Kidawa alikuwa mwenye furaha, na aliionea aibu furaha hiyo kila alipokumbuka kaburi la Hidaya.

Siri ya furaha haifichiki. Akina mama wengine nao wakaanza kuzaa mbuzi. Punde mtaa ukajaa mbuzi waliokuwa wakitambaa, mbuzi waliokuwa wakiota meno, mbuzi waliowaita mbuzi wenzao waje wacheze. Wizara ikafurahi kupita kiasi, kwa kuwa vifo vya watoto vilikwisha kabisa, watoto wenyewe wakiwa hawapo. Tindikali, ambaye vidole vyake viliungana vikawa kitu kimoja, akatangazwa kutunukiwa nishani kwa mafanikio hayo.

Nishani ingetolewa siku ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu. Na kwa kuwa nchi ilijaliwa mbuzi wengi hivyo, Mheshimiwa Tambuu akatangaza redioni kwamba kila kaya yenye mbuzi itamleta karamuni, achinjwe.

Sajini Chambuso alifika kwa Kidawa asubuhi ya siku hiyo, viatu vinang'aa, nyuma yake vijana wawili wenye visu. Kidawa alikuwa uani akitwanga mahindi. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, kamba yake imefungwa kwenye mguu wa kigoda, anatafuna ncha yake.

"Habari za asubuhi, mama. Tumemfuata mbuzi."

Kidawa aliacha kutwanga. "Afande, huyu ni mtoto. Unamwona."

"Mtoto?" Sajini alishangaa kwa dhati. "Daktari wake nani?"

Kidawa akisema Tindikali, basi Bi Salme alimgusa binadamu asiye wake, na panga la kukatia mikono lilikuwa hapo hapo kiunoni mwa Sajini. Akikaa kimya, visu vilikuwa mlangoni. Alimtazama Bi Salme aliyeketi kwenye kizingiti cha jiko. Bi Salme alikuwa ameshanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, tayari.

"Sema ni mtoto, mwanangu," alisema Bi Salme. "Hii imezeeka."

"Chagua, mama," Sajini akasema kwa upole. "Sheria inakuruhusu kuchagua."

Na Kidawa, aliyekuwa hawezi kuona rungu bila kutapika, alikuwa amezaliwa Songombingo kama wengine. Alikuwa na mchi mkononi. Alichagua.

Pigo la kwanza lilimwingia Sajini juu ya sikio, na sauti yake ilikuwa ile ile ya mahindi. La pili likamvunja bega, la tatu likamkuta yuko chini, la nne sina hakika lilikuwa la nini. Vijana wenye visu wakamrukia Kidawa. Shomvi akatoka chumbani na mwiko wa kujengea, akatoa sauti ambayo taya zake mbili zilikuwa zimeificha siku zote, na wanawake wa nyumba za jirani, akina mama wa mbuzi, wakaja na michi yao bila kuitwa. Kazi ilifanyika kama ya shughuli ya harusi, kila mmoja akipokezana. Visu vikabaki vimelala kwenye pumba.

Kulipotulia, Sajini Chambuso alikuwa chali kwenye unga uliogeuka mwekundu, povu la damu likimtoka kila akivuta pumzi. Bi Salme akasogea kwa magongo yake, akainama juu yake. Kisha akaweka mikono nyuma.

"Daktari wako nani, afande?"

"Tin... Tindikali," Sajini akakoroma.

"Yuko jukwaani, anavalishwa nishani. Na wewe ni binadamu. Mimi nina ruhusa ya mbuzi tu."

Sajini alimtazama mzee yule, akaitazama ile mikono iliyokunjwa nyuma, akatazama mbinguni. Alikuwa mtu wa sheria, tumwachie sifa hiyo. Machozi yakamtoka. Akakusanya pumzi yake yote iliyobaki, akafungua kinywa.

"Mee," akasema.

"Sikusikia."

"Meee! Meeee!"

Bi Salme akaketi chini kwenye unga, akakibana chombo chake kwapani, akangoja kipate moto.

Kidawa aliuangusha mchi. Alitapika ukutani, akajifuta, akapiga magoti mkekani na kuifungua ile kamba. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka viwikoni, na mtoto alipoiona ikimjia alijivuta nyuma.

"Heri," alimwita, kwa jina alilokuwa amelificha moyoni tangu siku ile ya wadini. "Heri, mwanangu, njoo. Ni mimi mama yako."

Mtoto akamtazama, akaanza kulia. Alilia kama mtoto.